Madam na Upande wa Hasi

Karatasi za mtihani Madam alizisahihisha kuanzia ukurasa wa mwisho. Alisema kila mtu huanza mtihani akiwa mzima na kuumaliza akiwa amechoka, na yeye alitaka kumkuta amechoka. "Mwanzoni wote mna adabu," alituambia. "Mimi nataka kujua unaandika nini mkono ukishauma."

Kwenye hesabu alikuwa hivyo hivyo. Ukimpelekea jibu hakukuuliza umelipataje. Aliuliza, "Umejaribu hasi?" Kama hujajaribu alikurudishia daftari bila kulifungua. "Kila mtu anakimbilia chanya. Huko njia imeshakanyagwa. Nenda hasi, ndiko watu wanakoficha takataka zao."

Tulimwita Madam kama walimu wote wa kike wanavyoitwa, lakini kwa sisi tuliosoma Karatu miaka ile, ukisema Madam bila kuongeza kitu tulijua unamsema nani. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro aliyepangiwa kufundisha kwetu akabaki. Zaidi ya hapo sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujisimulia. Mwezi wa saba, baridi ya Karatu inapoingia mpaka kwenye mifupa, alivaa sweta la bluu lenye viraka kwenye viwiko. Chaki aliichomeka nyuma ya sikio kama fundi seremala na penseli yake, na mara nyingi alirudi nyumbani nayo, akaenda nayo sokoni, watu wakamcheka, asijue wanacheka nini.

Kidato cha sita tulifika kwenye fanksheni za haipaboliki, zile tulizoziita shain na kosh, na kinyume chake. Tulizichukia. Siku moja Madam aliingia darasani amebeba mnyororo mzito wenye kutu, akaupigilia misumari miwili juu ya ubao, ukaning'inia katikati.

"Hili ni umbo gani?"

Tukasema ni parabola. Akachora parabola kwa chaki nyuma ya mnyororo, na kweli haikulingana nao. Akachora kosh. Ikalala chini ya mnyororo kama kivuli chake.

"Kosh inakwambia kimo ukishajua uliposimama," alisema. "Kinyume chake kinakwambia uliposimama ukishajua kimo. Sasa, maishani mwenu, mnadhani kipi mtakihitaji zaidi?"

Kabla hatujajibu, mkuu wa shule akachungulia mlangoni, jasho linamtoka. "Madam, ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya shule. Geti liko wazi. Mnyororo wa geti uko wapi?"

"Uko kazini," alisema Madam, na akaendelea kuandika.

Ni siku hiyo alipotuandikia ile fomula ambayo baadaye ingenifedhehesha. Kupata kinyume cha shain unaichukua namba yako, unaizidisha kwa yenyewe, unaongeza moja, unatafuta kipeuo cha pili, unajumlisha na ile namba uliyoanza nayo, kisha unachukua logi asilia. Niliiandika kwa wino mwekundu na kuizungushia boksi. Ninalo daftari hilo mpaka leo.

Nilikuwa mwanafunzi wake mzuri, nasema bila kujisifu, kwa sababu uzuri wenyewe haukunisaidia pale ulipohitajika. Mara moja nilipata maswali yote. Madam akanipa tisini na nane. Nilimfuata ofisini nikamwambia, "Madam, nimeangalia, hakuna nilipokosea."

"Hujakosea."

"Sasa mbili zimekwenda wapi?"

"Umepata, baba. Lakini hukujua kama umepata. Hukurudi kuhakiki hata swali moja. Mbili ni za hapo."

Nilitoka nimenuna. Nyumbani kwetu Rhotia nilimsimulia mama. Yeye ni mkulima wa ngano na maharage ambaye hakwenda shule, akasema huyo mwalimu ana akili, kwa sababu hata gunia ukishalishona unalitikisa kwanza.

Wapo waliomwona mkali tu, na ukali alikuwa nao. Lakini tulikuwa na mwenzetu mmoja kutoka Olbalbal, kule uwandani chini ya milima ya Ngorongoro, ambaye mwaka wa ukame alichelewa kufungua shule wiki tatu. Alikuwa amekwenda na ng'ombe wa baba yake kutafuta maji. Alifika viatu vimekwisha, akasimama mlangoni mwa darasa, akasubiri fimbo.

"Yeyo," alimwambia Madam kwa Kimaasai, maana kwao ndivyo mama anavyoitwa, "nimekosa masomo."

"Hujakosa. Umechelewa," alisema Madam. "Kukosa ni kitu kingine. Kaa."

Jumamosi tatu mfululizo alimfundisha nyumbani kwake, wiki moja kila Jumamosi, kwa chai na viazi vitamu, na hakuna aliyeambiwa. Mimi nilikuja kujua nimeshakuwa mtu mzima. Huyo mwenzetu sasa ni afisa mifugo Engaresero, karibu na Ziwa Natron, na ndiye atakayeniumbua mbele ya safari hii.

Halafu kulikuwa na jambo la samahani. Ijumaa moja Madam alikosea ishara ubaoni, akaandika jumlisha mahali pa kutoa, na hakuna aliyeona. Kesho yake ilikuwa masika, matope mekundu ya Karatu yanang'ang'ania mguu kama mtoto. Tulikuwa tunafua nyuma ya bweni tulipomwona anakuja na buti za mvua na mwavuli uliopinduka. Akasimama katikati ya mabeseni.

"Mstari wa nne, jana. Nimeandika jumlisha. Ni toa. Kafuteni."

Akageuka, akarudi zake kwenye matope.

Kwa hesabu aliweza hivyo. Kwa watu hakuweza. Aliwahi kumtuhumu msichana mmoja kwamba amenakili, akamsimamisha mbele ya darasa, na baadaye ikabainika kwamba aliyenakili ni jirani yake. Madam hakumwambia samahani, si siku ile wala baadaye. Wiki iliyofuata yule msichana alikuta mkebe mpya wa hesabu juu ya dawati lake, bikari na kila kitu ndani, bila neno. Alimaliza shule bila kumchangamkia tena Madam, na Madam alilijua hilo, maana kila alipopita dawati lile alishusha sauti.

Darasani alipiga marufuku kikokotoo. Alisema kinamfanya mtu aamini asichokielewa. Kwa hiyo aliponipigia simu, mwaka aliostaafu, kuniambia amenunua kompyuta iliyotumika kutoka kwa kijana wa kampuni ya utalii, nilidhani ni ya mjukuu.

"Ni yangu," alisema. "Nataka kujua inahesabuje. Wewe si ndiyo kazi yako huko Arusha? Nielekeze."

Nilimwelekeza. Mwanzoni kwa furaha, halafu kwa subira, halafu kwa zile sauti mtu anazotoa akiwa anafanya kitu kingine. Alikuwa anapiga simu saa za kazi na kuuliza maswali ambayo sisi wa kazi hiyo hatuyaulizi tena. Kwa nini mashine ikijumlisha sehemu ya kumi mara kumi haipati moja kamili? Namba ikiwa kubwa mno, zile tarakimu zinazobaki nje zinakwenda wapi? Huyu ambaye mbele ya ubao hakumwogopa hata mkaguzi, mbele ya kompyuta alikuwa mpole kama mkwe. "Mimi ni mgeni humu," alikuwa akisema. "Nivumilie."

Miaka hiyo mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumetoa maktaba. Siyo ya vitabu. Ni mkusanyiko wa hesabu zilizokwisha kuandikwa, ambazo mwandika programu yeyote anaweza kuzichukua bure akazitumia ndani ya kazi yake bila kuanza upya. Maelezo yote tuliyaandika kwa Kiswahili, na tulijivunia sana. Kinyume cha shain, cha kosh na wenzao niliviandika mimi, mchana mmoja, huku nimefungua daftari langu la kidato cha sita. Fomula ile ya wino mwekundu niliihamisha kama ilivyo. Nilijaribu mbili, nikajaribu kumi, nikajaribu elfu. Majibu yakaja sawa. Nikafunga, nikaenda kula.

Miezi kadhaa baadaye nilipata barua pepe yake. Aliiandika kama barua ya serikali. Ilianza na YAH: FANKSHENI YENU YA KINYUME CHA SHAIN, ikafuatiwa na "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Alieleza kwamba fanksheni hii upande wa hasi inapaswa kuwa kivuli cha upande wa chanya, jibu lile lile lenye alama ya kutoa. Ameipa milioni kumi, ikampa kumi na sita nukta nane moja moja. Ameipa hasi milioni kumi, ikampa hasi kumi na sita nukta nane sifuri tano. Ameipa hasi milioni mia moja, ikasema hasi isiyo na mwisho. "Nimehakiki kwa mkono mara tatu," aliandika. "Naomba mwangalie. Inawezekana nimekosea mimi."

Wiki tatu sikumjibu. Nilimjibu siku moja nikiwa nasubiri chakula mgahawani, kwa simu, kidole kimoja. Nayakumbuka maneno yangu kwa sababu nimeyasoma mara nyingi tangu hapo. "Shikamoo Madam. Fomula ni ile ile uliyotufundisha wewe mwenyewe, haina shida. Labda ni kompyuta yako, imezeeka. Ubarikiwe."

Alijibu dakika ile ile. "Asante baba. Nitaangalia upya."

Hakuniuliza tena swali la kompyuta. Simu zake zikapungua zikawa za sikukuu, za kunisalimia mimi na mke wangu na kuuliza mvua ya huko. Nami, Mungu anisamehe, niliona ni nafuu.

Ikapita miaka miwili. Akatokea mtu wa nchi ya mbali, nisiyemjua, akatuandikia mistari minne kwamba kinyume cha shain kwenye maktaba yetu kinaharibika namba ikiwa hasi na kubwa. Nilikaa wima. Nilijaribu hasi milioni kumi, nikajaribu hasi milioni mia moja. Nikaona. Namba ikiwa hasi na kubwa, kile kipeuo na namba yenyewe huwa karibu sawa, kimoja chanya na kingine hasi, kwa hiyo ukivijumlisha vinamezana. Kinachosalia ni mabaki ya makadirio ya mashine. Kwenye karatasi fomula ni ya kweli mpaka mwisho wa dunia, lakini kompyuta hubeba tarakimu chache. Ni kama mtu anayetaka kujua uzito wa kuku, akapandisha lori la vitunguu kwenye mizani mara mbili, mara moja na kuku na mara moja bila kuku, kisha akatoa. Atapata namba, ndiyo, lakini si ya kuku. Dawa yake ni fupi: iondoe alama ya hasi kwanza, hesabu upande wa chanya, halafu irudishe alama mwishoni.

Nilirekebisha kwa saa moja. Kwenye orodha ya mabadiliko tunayoitoa kila toleo nikamshukuru yule mtu kwa jina lake kamili, kwa jicho lake kali. Ndipo kitu kikanigusa. Nikatafuta kwenye barua za zamani, nikaikuta ile ya YAH. Namba zake na za yule mgeni zilikuwa zile zile.

Ningempigia siku hiyo. Sikupiga. Nilijiambia jambo kama hili halisemwi kwenye simu, nitakwenda Pasaka. Pasaka nikasema Krismasi. Nilipita Karatu mara nne nikiwapeleka wageni wa kampuni yetu ya kompyuta Ngorongoro, na mara zote nne, gari lilipofika njia panda ya kwake, nilijikuta natazama upande wa pili, kwenye maduka ya vinyago, kama mtu anayetafuta kitu cha kununua.

Aliyenivunja ni yule mwenzetu wa Engaresero. Alinipigia asubuhi moja ya mwaka huu.

"Umemwona Madam lini?"

"Muda kidogo."

"Muda kidogo ni miaka mingapi? Mimi natoka huku ziwani, vumbi lote hili, nafika kwake kila baada ya miezi. Anauliza habari zako. Mimi ninazo za kumwambia? Acha utani, nenda."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Nilimkuta nje, anachambua maharage kwenye ungo, amevaa sweta jingine, la kijivu. Nywele zimekuwa nyeupe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mikono yote miwili akaitikisa kwa muda, akasema nimenenepa. Tukaingia ndani. Alileta chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha, akaniuliza watoto mmoja mmoja kwa majina, na kila jina alilolikumbuka lilizidi kunifunga mdomo.

Mwishowe nikasema. "Madam, ile barua yako. Ulikuwa sahihi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilisoma ile orodha yenu ya mabadiliko. Mimi niliendelea kuisoma kila ilipotoka, nione mnaendeleaje." Akapuliza chai yake. "Mlirekebisha vizuri. Mkaondoa alama kwanza. Na mimi ningefanya hivyo."

Nikamwambia nitaandika upya, nitaweka jina lake juu ya jina la yule mgeni, nitaeleza nani aliona kwanza. Akaniinulia kiganja.

"Usiliweke. Yule naye aliona kwa macho yake, hakuniibia mimi kitu." Halafu, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: "Yule ulimjibu baada ya muda gani?"

Nilitamani aulize kitu kingine chochote.

"Siku ile ile, Madam."

Akatikisa kichwa. Akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na kaunta buku tatu, zile pana za kurasa nyingi, zimefungwa pamoja kwa utepe wa kitenge. Akaniwekea mapajani.

"Ulikuwa hujui habari hii," alisema. "Sikumwambia mtu."

Kilikuwa kitabu. Kitabu cha mkono, kwa Kiswahili, cha kumweleza mwanafunzi wa kidato cha tano jinsi mashine inavyohesabu na mahali inapodanganya. Maswali yake yote ya simu yalikuwamo, yale niliyoyajibu huku nafanya kitu kingine, na majibu yangu ameyanyoosha mpaka yakaonekana ya mtu mwenye hekima. Kilikuwa na sura juu ya kukadiria, na sura juu ya namba kubwa inayomeza ndogo. Michoro ameipiga kwa rula. Nimesoma vitabu vingi vya kazi yangu, na sijakutana na kilichonielewesha kama kile. Nilifungua daftari la tatu. Lilijaa mpaka katikati. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa na kichwa cha habari, Kinyume cha Shain, chini yake fomula, chini yake milioni kumi na hasi milioni kumi zimepangwa pande mbili, na chini kabisa sentensi moja kwa wino: "Hapa mashine inakosea, na sababu yake ni hii:"

Baada ya nukta pacha hakukuwa na kitu. Mstari mmoja chini, kwa penseli, kwa mwandiko ule ule lakini mdogo zaidi, aliandika: "Hapana. Fomula ni sahihi. Nimekosea mimi." Kurasa zilizofuata zilikuwa nyeupe. Nilizifunua zote.

"Nilisema, kama nimefika mahali pa kuona kosa pasipo na kosa, basi nitawapotosha watoto wa watu," alisema Madam. "Nikafunga."

"Lakini ulipoona tumerekebisha, Madam, ulijua. Ungeendelea."

Nikamuuliza kama ana raba.

"Ya nini?"

"Niufute huu mstari."

Alilichukua daftari mikononi mwangu, bila hasira, akalipanga juu ya yale mengine mawili na kuanza kuufunga ule utepe. Vidole vilimsumbua, ikabidi afunge mara mbili.

"Nilipokuja kujua nilikuwa sawa, baba," alisema, "nilikuwa nimeshazoea kwamba nimekosea."

Kisha akatoka kwenda kumpa ng'ombe majani, na mimi nikabaki nimekaa pale, chai inapoa.